Kiti cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Mnasihi ametugawia daftari. Anataka tuandike kila siku, hata kama ni mstari mmoja. Huu ni mwaka wa ishirini na sita naendesha gari la wagonjwa, na katika miaka yote hiyo sijaandika zaidi ya kilomita na mafuta. Lakini katibu wa hospitali alinipa nichague: mafunzo haya au barua ya onyo. Barua za onyo nazijua, ikija moja huja na wenzake. Haya basi, naandika. Joto kali, mvua bado.

Alhamisi, 6 Machi

Darasa letu ni stoo ya mashuka. Tuko wanne: mlinzi wa getini, mama wa kufulia, karani wa mapokezi na mimi. Mnasihi anasema tumechaguliwa kwa sababu ndugu wa mgonjwa hukutana na sisi kabla ya kumwona daktari, na mtu aliyechanganyikiwa hushika chochote anachoambiwa mwanzo. Ni binti mdogo kuliko kitindamimba wangu, na amekuja kunifundisha kuongea. Nimenyamaza kwa heshima tu.

Leo aliandika ubaoni maneno ya kuacha. Usilie. Jikaze. Afadhali. Najua unavyojisikia. Kila kitu kitakuwa sawa. Mlinzi akauliza, "Sasa mwanangu, tukishayaacha yote haya tunabaki na nini? Tukohoe?"

"Mzee, kukohoa ni afadhali," mnasihi akajibu, na mlinzi akanyoosha kidole ubaoni pale neno hilo lilipoandikwa. Tulicheka mpaka mama wa kufulia akajifuta macho kwa foronya safi, kisha akaikunja na kuirudisha rafuni.

Ijumaa, 7 Machi

Niseme kwa nini niko hapa, maana mnasihi ameahidi hatayasoma.

Mwezi wa kwanza tulimfuata mzee mmoja aliyebanwa na kifua nyumbani kwake. Mgonjwa hukaa nyuma na Sista, muuguzi wetu, ndugu hukaa mbele na mimi. Kati yetu kuna kidirisha cha kioo. Madereva tuna desturi yetu: mgonjwa akikata roho njiani, Sista hugonga kioo mara mbili. Kuthibitisha ni kazi ya daktari, lakini Sista wetu hajawahi kukosea. Ukisikia kugonga, huzimi king'ora, hupunguzi mwendo, hubadilishi uso. Unaendelea kupiga soga na ndugu mpaka getini, huko wenye kazi yao wamwambie. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na dereva aliyenitangulia, na hivyo ndivyo nilivyomfanyia mke wa yule mzee. Anafanya kazi posta, kwenye dirisha la vifurushi. Aliteremka getini akiwa na mfuko wa dawa za mumewe mkononi, akiuliza wodi ni ipi.

Mwezi wa pili aliandika barua. Haikuwa na tusi hata moja. Alisema ameambiwa mumewe alifia njiani, naye alikuwa njia hiyo hiyo, hatua mbili kutoka kwake, na hakuna aliyemwambia. Anataka kujua ilikuwa wapi. Hilo tu. Katibu akaniita, nikajibu sikumbuki.

Nakumbuka vizuri sana. Ilikuwa mbele ya duka la rangi, kabla ya daraja.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Safari tano, hakuna kubwa.

Jumatatu, 17 Machi

Zoezi la leo: kaa na mwenzako, yeye aongee dakika mbili juu ya jambo linalomuuma, wewe usikilize bila kutia neno. Nilipewa mama wa kufulia. Akaanza kunieleza jinsi dada yake alivyoacha kumsalimia. Nikaona dawa yake wazi kabisa, nikamwambia ampelekee kitenge na yaishe. Mnasihi akatazama saa yake: sekunde arobaini.

"Kaka, hukuniacha hata nifike kwenye sababu," mama wa kufulia akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa na sikujua kama ana dada.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimejaribu. Nilimbeba mtoto aliyevunjika mguu, mama yake akakaa mbele. Nikafunga mdomo kabisa, sikutia neno wala sikugeuza shingo. Tulipopita mzunguko wa pili wa barabara yule mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, nimekukosea nini?"

Nilipolisimulia hilo darasani, mlinzi nusura aanguke kwenye kiti kwa kicheko. Mnasihi akasubiri tumalize. Akasema kunyamaza sio kununa, mtu aliye kwenye dhiki anataka kujua kwamba uko naye. "Mwambie unachokiona. Muulize anahitaji nini. Kisha umpe nafasi ajibu, hata kama jibu litachelewa." Nimeliandika hili ili nisiseme sikuambiwa.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Tairi la nyuma limekwisha.

Ijumaa, 28 Machi

Ukuta umeanguka kwa mvua, umemwangukia mtu. Mdogo wake alikaa mbele, amejaa matope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anatetemeka, na simu aliishika kichwa chini miguu juu. Ulimi wangu tayari ulikuwa umeshapanga "jikaze mwanaume." Nikaumeza. Nikasema, "Naona mikono inatetemeka." Akaitazama mikono yake kama ndiyo kwanza anaiona. Nikamuuliza, "Ungependa nani ajue?" Tukapita taa mbili za barabarani, kisha akasema, "Shangazi." Tulipofika nikamshikia simu akazungumza na shangazi yake, na hapo ndipo alipolia. Sikumwambia asilie. Nilisimama tu pale nimeshika simu, mvua inaniingia shingoni.

Kaka yake amelazwa, anapumua. Nimerudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya safari kumi.

Jumanne, 1 Aprili

Leo nimewaeleza darasani habari ya kugonga mara mbili, na ya yule mama wa posta. Sijui kwa nini nilisema, labda kwa sababu mama wa kufulia alikuwa amemaliza kusimulia juu ya mashuka ya watoto wachanga waliofariki. Nilipomaliza, mlinzi alikuwa anaangalia viatu vyake. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa anafungua geti, na king'ora changu kilimdanganya hata yeye.

"Nani alitunga utaratibu huo?" mnasihi akauliza.

Nikamwambia tuliukuta. Zamani ndugu mmoja aliposikia msiba alidaka usukani na gari nusura liingie mtaroni, basi wazee wakaona bora mtu asijue mpaka wafike. Mnasihi akatikisa kichwa kwa kuelewa. Akasema sababu ilikuwepo, lakini kama ni hofu ya usukani, gari linaweza kusimama. Jambo dogo hivyo. Miaka ishirini na sita, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kukanyaga breki.

Kisha akaniuliza, "Na huyu mama wa posta, mlipogongewa yeye alikuwa anafanya nini?"

Nikajibu sikumbuki. Mara ya pili hiyo.

Jumatano, 2 Aprili

Sikupata raha kutwa. Acha niandike yaishe.

Alikuwa anacheka. Nilimwona ana wasiwasi, nikamtolea kisa cha mama mkwe wangu alivyopanda gari hili mara ya kwanza. Aliona magari yanatupisha kushoto na kulia, akadhani ni heshima yake, akaanza kuwapungia watu mkono kama rais. Nakisimulia kisa hicho vizuri, na mkono naupunga vilevile. Yule mama alijizuia kwanza, kisha akashindwa. Akacheka mpaka akashika ubavu. Katikati ya kicheko hicho Sista akagonga.

Yeye anauliza ni wapi. Nikimwambia ni pale kwenye duka la rangi atakumbuka tulikuwa tunazungumza nini, na atajua kwamba mumewe alikuwa anakufa na yeye anacheka. Ndiyo maana nasema sikumbuki. Najiambia namlinda yeye. Sina hakika ni yeye.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilitarajia aseme mume wangu, ulimfichia kwa wema. Hakusema. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Unajua nililia kwa nani alipokufa mtoto wetu?"

Mtoto wetu wa pili alizaliwa amekufa, miaka thelathini na miwili sasa. Nikamjibu, "Kwangu."

"Kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nilikuwa nachukua nguo nasema napeleka kushonesha. Wewe ulikuwa umejaza sebule wageni, unawachekesha. Kila nikikaribia kulia unaniambia mama watoto, hebu njoo usikie hii. Nilikuwa nasikia, baba watoto. Nilizisikia zote."

Mimi nilijua nilimbeba siku zile. Nimeishi nalo kama jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilitaka kujitetea, maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Nikamuuliza, "Ulikuwa unamwambia nini huyo fundi?"

Akanitazama kuona kama nauliza kweli. Akaweka ungo chini. Aliongea mpaka mchana ukaisha, na kuna mambo kuhusu siku ile ambayo nimeyasikia leo, kama vile kwamba alimshika mtoto, kwamba alikuwa na nywele nyingi, na kwamba alimpa jina. Hakuniambia jina. Sikumlazimisha. Nimelia, sioni haya kuandika.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kutwa. Mke wangu amenipikia uji wa asubuhi, amenikalia pembeni nikinywa.

Jumatatu, 14 Aprili

Sista amegonga.

Saa nne asubuhi tulimchukua bibi kizee, amebanwa na pumzi. Mumewe akakaa mbele, mzee wa miaka themanini hivi, amevaa koti lililofungwa vifungo vyote na kofia ameiweka magotini. Nilimwambia, "Naona umevaa vizuri, mzee." Akasema mkewe hapendi atoke nje ovyo, hata leo alipokuwa anahangaika kupumua alimwonyesha koti kwa kidole.

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia. Nilisikia mara mbili, wazi, na mzee akaniona nikisikia. Nilimtazama Sista kwenye kioo, akatikisa kichwa kunijulisha hakuna kilichobaki cha kufanya. Mguu wangu ulitaka kubaki kwenye mafuta. Ndio ulivyozoea. Nikawasha taa ya pembeni nikatoka barabarani, nikasimama, nikazima king'ora. Kilipozimika nilisikia mvua juu ya bati la gari. Sijawahi kuisikia mvua ndani ya gari lile.

Nikamwambia, "Mzee, mkeo amefariki sasa hivi." Mnasihi anasema neno lenyewe litajwe, kusiwe na "ametutangulia" wala "ametoka." Hakudaka usukani. Akaniuliza, "Naweza kwenda kwake?" Nikazunguka nikamfungulia, nikamshika kiwiko kwa sababu ya utelezi. Sista alisogea. Mzee akaivaa kofia kwanza, kisha akaingia, akamshika mkewe mkono, akawa anamwambia mambo ya nyumbani, kuku, ufunguo umewekwa wapi, nani ataambiwa. Mkono bado ulikuwa na joto, alituambia hilo mara mbili.

Tulikaa dakika kumi na saba. Madereva wengine walipita wakipiga honi. Baadaye mzee akasema twende, nikaendesha bila king'ora, naye amebaki nyuma na mkewe. Mlinzi alipoona gari linakuja kimya alivua kofia kabla hajafungua geti.

Huyu alipata dakika kumi na saba. Yule mwingine nilimpa kisa cha mama mkwe.

Jumanne, 15 Aprili

Katibu ameniita kuhusu dakika kumi na saba. Sista akaenda na mimi bila kuitwa, akaeleza yeye. Sijui aliongea nini humo ndani, mimi niliambiwa nisubiri nje. Kumbe mwanamke huyu ninayemwona kwenye kioo miaka yote ana ulimi mkali kiasi hicho. Kugonga mara mbili sasa maana yake ni kusimama, imebandikwa ukutani.

Nikamuuliza kama anaikumbuka ile safari ya mwezi wa kwanza. Akasema, "Nilisikia kicheko, nikadhani hukunisikia, nikagonga tena." Mimi sikuisikia hiyo ya pili.

Jumatatu, 21 Aprili

Tairi jipya. Mvua inapungua.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama wa posta ameandika tena. Barua ni fupi kuliko ya kwanza. Anasema anapita njia ile kila siku kwenda kazini, na kwa kuwa hajui ni wapi, anamwona kila mahali, kwenye kila nguzo. Atakuja tarehe tisa mwezi wa tano, na anaomba dereva awepo.

Nimempelekea mnasihi, nimemwambia yote, hata kicheko, hata fundi cherehani wa mke wangu. Nilitaka aniambie la kufanya. Akasema, "Atakachouliza, mjibu. Asichouliza, usimtwishe. Na ukisikia hamu ya kumpa neno tamu, jiulize linamtuliza nani." Nikamwambia mwanangu, hilo gumu. Akasema hata yeye humshinda, wiki iliyopita lilimshinda. Mara ya kwanza namwona amechoka. Nikamuuliza yeye huwa anamwambia nani. Alifikiri kidogo, akacheka, akasema bado hajapata fundi cherehani.

Ijumaa, 2 Mei

Jua limetoka. Nimeosha viti vya gari. Kile cha mbele nimekisugua mara tatu.

Ijumaa, 9 Mei

Alikuja saa tatu kamili, sare ya posta, mkoba begani. Amekonda. Katibu alianza hotuba ya masikitiko ya hospitali, naye akamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akanigeukia mimi.

"Kaka, unakumbuka au hukumbuki?"

"Nakumbuka, mama. Nilisema uongo. Naweza kukuonyesha."

Gari lilikuwa na zamu ya kuchukua mitungi ya oksijeni upande ule, katibu akaturuhusu. Akapanda mbele, kiti kile kile. Tukavuka daraja. Nikageuza, nikasimama mbele ya duka la rangi. Mwenye duka alikuwa anapanga makopo nje. Nikasema, "Ni hapa. Sista aligonga kioo, nikajua. Nilipaswa kusimama kama tulivyosimama sasa. Sikusimama."

Alitazama kila kitu kwa zamu: makopo, mtaro, nguzo ya umeme, kibao cha duka. Alitazama kama mtu anayesoma anwani kwenye kifurushi. Baadaye akauliza lile swali.

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

Nikamwambia. "Ulikuwa unacheka, mama. Nilikuwa nakusimulia habari za mama mkwe wangu."

Alifumba macho. Sikusogea. Nilihesabu magari yaliyotupita ili nisifungue mdomo. Alipoyafumbua aliuliza kwa sauti ambayo sikuijua, "Alinisikia?"

Sijawahi kuwa na neno tayari ulimini kama lile. Kidirisha kilikuwa wazi nusu, kicheko chake kilikuwa kikubwa, Sista mwenyewe alikisikia. Kusema ndiyo kungenigharimu pumzi moja. Angeondoka na kitu cha kushika, kwamba mumewe alikwenda akisikia kicheko chake, na mimi ningelala. Nilimwona anangoja, na uso wake wote ulikuwa unaniomba.

"Sijui," nikasema. "Sista alikusikia. Mumeo, sijui."

Akalia. Sio kilio cha msibani cha kusikiwa na watu, aliinama juu ya mkoba wake akalia kwa kutetemeka mabega, muda mrefu. Nilizima injini. Mwenye duka alitusogelea, nikamwashiria kwa mkono asije. Sikumwambia pole. Mara moja alinyoosha mkono bila kutazama, nikampa wangu, akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Alipotulia akapangusa uso kwa kiganja. Akasema mumewe alikuwa mtu wa kununa, asubuhi ile waligombana juu ya dawa, na hajawahi kumwambia mtu yeyote hilo. Akaniambia na walivyogombana. Nilisikiliza mpaka mwisho.

"Nipeleke kazini," akasema. "Usikimbize."

Nikageuza gari. Nimezoea watu wote wanipishe barabara hii, na leo nilipitwa na kila mtu, hata mzee mmoja wa baiskeli aliyebeba magunia. Mama wa posta alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha mlango, anatazama nje. Nilimfikisha posta amechelewa saa nzima.